Postfix kwenye ofisi ndogo: uzoefu wangu barua zilipoanza kukataliwa

Nianze na hukumu, sababu zitafuata: kwa biashara ndogo yenye mtu mmoja aliye tayari kusoma logi (kumbukumbu za kazi ya seva), Postfix ndiyo programu ya seva ya barua pepe ninayoipendekeza kwa moyo wote. Kusumbua inasumbua. Ila barua inapokataliwa huko iendako, Postfix huyaandika maneno ya aliyeikataa kama yalivyo, na mara nyingi dawa imo ndani ya maneno hayo hayo.

Seva ninayoihudumia ina masanduku machache tu ya barua: ankara, oda, mawasiliano na wasambazaji. Niliirithi kwa fundi aliyenitangulia, ikiwa tayari imewekwa kwenye mashine ya kukodi. Malalamiko yalianza kidogo kidogo. Mteja huyu hajaona ankara, msambazaji yule hajapata oda. Ofisini wakaanza kusema barua pepe imekufa, lakini sivyo ilivyokuwa. Barua za kutoka nje ziliingia bila shida, za sisi kwa sisi zilifika papo hapo, na za kwenda nje baadhi zilifika na baadhi zikarudi. Mgawanyo huo andika kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, kwa sababu unakuondolea nusu ya kazi. Kama zinaingia, kikoa (jina lenu la intaneti) kiko hai, rekodi za MX zinazoelekeza barua kwenye seva yenu ziko sawa na diski haijajaa. Kilichobaki ni kutoaminiana kati ya seva yako na seva inayopokea: mpokeaji anataka uthibitisho kwamba wewe ni nani, na hajaupata.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kubadilisha nenosiri, kuwasha mashine upya au kuhama kampuni. Mimi nilifungua /var/log/mail.log na kutafuta neno bounced (imerudishwa). Mstari uliokuwa ukijirudia ulikuwa wa namna hii, nimebadilisha majina tu:

to=<ankara@example.com>, relay=mx.example.com[2001:db8::25]:25, dsn=5.7.25, status=bounced

Ukijua kuusoma mstari huu umeshajua kazi yenyewe. Namba ya kwanza kati ya zile tatu za dsn ndiyo uamuzi: 2 imepokelewa, 4 jaribu tena baadaye, 5 imekataliwa moja kwa moja na seva yako haitajaribu tena. Ya katikati inataja aina ya tatizo: 1 ni anwani, 2 ni sanduku la mpokeaji, 7 ni usalama au sera. Kwa hiyo 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, pengine mtu kakosea herufi, 5.2.2 ni sanduku lililojaa. Na kinachoanza na 5.7 mara nyingi kinahusu sifa zako wewe unayetuma. Hiyo 5.7.25 ina maana moja tu: anwani ya IP iliyotuma haina jina linalothibitika kwenye DNS (daftari la majina la intaneti) ya kinyume, inayotoa jina kutoka kwenye anwani, yaani rekodi ya PTR.

Nikaipima anwani yetu kwa amri ya dig -x. Jina likatoka, tena jina sahihi. Kama PTR ipo, kwa nini tunakataliwa? Na mbona mpokeaji huyo huyo anakataa barua ya asubuhi na kuikubali ya mchana?

Jibu lilikuwa ndani ya yale mabano ya mraba. Nilipozipanga barua zilizorudi upande mmoja na zilizofika upande mwingine, zote zilizorudi zilikuwa na anwani zenye nukta pacha, yaani zimepita IPv6, anwani za IP za mtindo mpya. Zilizofika zilipita IPv4, za mtindo wa zamani. Mashine ilikuwa na anwani za aina zote mbili, na Postfix isipoelekezwa vinginevyo hutumia yoyote kati ya hizo, kwa sababu kipengele cha smtp_address_preference huja kikiwa na thamani ya any. Rekodi ya PTR ilikuwa imewekwa kwa IPv4 peke yake. IPv6 haikuwa na jina lolote. Kila barua ilikuwa inapigiwa kura, na hiyo ndiyo sababu tatizo lilionekana kama halina mpangilio.

Kwa haraka niliweka smtp_address_preference = ipv4 kwenye main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix, nikaendesha postfix reload, na ankara zikaanza kupita. Lakini hiyo ni kuipendelea IPv4 tu. Njia nyingine bado ipo na siku moja itatumika. Nilitaka PTR ya IPv6 iwekwe pia. Hapa panawapotezea wengi muda: rekodi ya PTR haiwekwi kule unakosimamia kikoa chako. Mwenye mamlaka nayo ni mwenye anwani za IP, yaani kampuni inayokukodisha seva. Ya kwetu, sitaitaja, ilitupigisha danadana kwanza kwa kutuelekeza kwa msajili wa kikoa, ambaye hana uwezo wowote juu ya jambo hilo. Nilipowaandikia tena nikitaja anwani kamili na jina ninalolitaka, wakaiweka. Usiombe "msaada wa barua pepe". Omba rekodi ya PTR, ya anwani fulani, iende kwenye jina fulani.

Na lazima mzunguko ufunge. IP itoe jina, jina lile lile likiulizwa litoe IP ile ile, na seva inapomsalimia mpokeaji kwa HELO (salamu ya kufungua mazungumzo) itaje jina hilo hilo. Yetu ilikuwa ikisalimia kwa jina ililopewa na kampuni siku ya kwanza, lisilofanana na kikoa chetu hata kidogo. Kipengele cha myhostname kilimaliza hilo. Kwa IPv6 kuna kitanzi kingine: mashine inaweza kuwa na anwani kadhaa na ikatokea kwa ile usiyoitarajia, kwa hiyo nimeifunga kwenye moja kwa smtp_bind_address6.

Baada ya PTR, zilizobaki zilikuwa za 5.7 nyingine, na zote ziliishia kwenye SPF, rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa. Kikoa chetu kilikuwa na rekodi mbili za SPF. Moja ya seva, ya pili iliongezwa wakati ofisi ilipojiunga na huduma ya kutuma matangazo. Kila moja ukiitazama peke yake ni safi. Zikiwa pamoja zinahesabiwa kuwa kosa la kudumu, kwa sababu kanuni ya SPF, RFC 7208 ya mwaka 2014, inataka rekodi moja tu kwa kikoa. Niliziunganisha. Kanuni hiyo hiyo inaweka kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na kila include (agizo la kuingiza rekodi ya huduma nyingine) inahesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake, kwa hiyo kuweka include ya kila huduma mliyowahi kuijaribu ni kujitafutia balaa.

DKIM, saini ya kidijitali ya kikoa kwenye kila barua, haikuwepo kabisa. Postfix yenyewe haitii saini. Unaiwekea OpenDKIM pembeni na kuziunganisha. Ufunguo wa biti 2048 ndio niliotumia. Kama umeshawahi kubandika ufunguo huo kwenye ukurasa wa DNS ukakataliwa, sababu ni kwamba kipande kimoja cha maandishi kwenye rekodi ya TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo huo ni mrefu kuliko hapo. Unagawanywa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Msiiache DKIM kwa kudhani SPF inatosha. Mteja akiwa amepanga barua zake zipelekwe mbele kwenye sanduku lingine, SPF yako hufa njiani kwa sababu sasa anayetuma ni seva ya kati. Saini ya DKIM hufika nzima mradi barua haijaguswa.

Tangu Februari 2024 hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu Google na Yahoo zilianza kuwabana watumaji. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC (sera inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika) zote, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Ofisi ndogo haifikii idadi hiyo, lakini hata mtumaji mdogo Google inamtaka awe na SPF au DKIM, PTR inayothibitika na muunganisho uliosimbwa wa TLS. Ushauri wangu ni kuweka zote tu. Kazi ni ile ile, na usingizi unapatikana.

DMARC niliianza na p=none, ambayo haimzuii mtu, pamoja na rua inayoomba wapokeaji wakutumie ripoti. Ni faili za XML zisizopendeza macho, lakini ndizo zilizonionyesha kitu ambacho logi yangu isingeweza kukionyesha kamwe: programu ya uhasibu ilikuwa ikituma ankara kwa jina la kikoa chetu kupitia seva za watengenezaji wake, bila kupita kwetu hata kidogo. Logi ya Postfix inajua yaliyopita mlangoni kwake tu. Kwa hiyo mhasibu akikuambia ankara imerudi na wewe huioni popote kwenye logi, mwamini mhasibu, kisha uliza programu yake inatumia njia gani.

Kuhusu orodha nyeusi nitakuwa mfupi. Ni orodha za anwani ambazo wapokeaji huzikataa, na Spamhaus, shirika linalozitunza, ina kadhaa na si zote ni za wakosaji. PBL, kwa mfano, ni ya anwani ambazo kwa kawaida hazitakiwi kutuma barua moja kwa moja, kama za intaneti ya majumbani. Kuwemo humo hakumaanishi kuwa umetuma takataka, na kwa anwani halali ya seva unaweza kuomba kuondolewa kwenye tovuti yao bila malipo. Ukiwa kwenye orodha nyingine, tafuta kwanza chanzo. Kila barua iliyotumwa na mtumiaji aliyeingia kwa nenosiri huacha sasl_username kwenye logi. Jina moja likijaa kurasa nzima usiku wa manane, akaunti hiyo imeibiwa, na kuomba kuondolewa kabla ya kuifunga ni kurudishwa huko huko. Tena usiiulize Spamhaus kupitia seva za DNS za umma: badala ya jibu halisi unapata 127.255.255.254, na wapo wanaosoma hiyo wakadhani wamefungiwa.

Sasa upande ambao Postfix inanikera. Barua iliyopewa 4 hubaki kwenye foleni, na kwa mpangilio wa kawaida huhangaika humo hadi siku 5 kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Hilo lenyewe ni zuri, maana wapokeaji wengine humkatalia mgeni mara ya kwanza kwa makusudi ili waone kama atarudi, na seva halali hurudi baada ya dakika chache. Tatizo ni kwamba katika siku hizo zote mtumaji haambiwi chochote, kwa sababu delay_warning_time huja ikiwa sifuri, yaani imezimwa. Kwa biashara, siku 5 za kimya juu ya oda ni hasara. Nimeiweka 4h, na malalamiko ya "niliituma tangu Jumatatu" yamekwisha. Maelezo rasmi nayo ni ya kina na ya kuaminika, ila yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta. Na ukiwa na foleni iliyojaa, utakutana mahali na ushauri wa postsuper -d ALL. Amri hiyo inafuta barua zote, na za wateja zikiwemo. Anza na postqueue -p. Chini ya kila barua inayosubiri imeandikwa sababu ya kusubiri.

Je, kila ofisi ijitumie yenyewe? Hapana. Kampuni nyingi za kukodisha seva hufunga poti 25 ya kutoka, na hapo unalazimika kupitia huduma ya kusambaza barua kwa poti 587. Postfix hulifanya hilo kwa relayhost na mistari michache ya nenosiri. Hata poti ikiwa wazi, kama hakuna atakayefungua logi kila wiki, lipieni huduma hiyo. Sisi tumechukua njia ya katikati. Mpokeaji mmoja aliendelea kutukataa kwa sababu ya sifa mbaya ya majirani zetu kwenye kundi moja la anwani, kosa ambalo hatuna namna ya kulirekebisha. Kwa transport_maps nimeelekeza barua za kikoa hicho tu zipite kwenye huduma ya kusambaza, na nyingine zote zinatoka kwetu moja kwa moja. Uwezo huo wa kuchagua kikoa kwa kikoa ndio ulionifanya nibaki na Postfix.

DMARC yetu bado iko p=none. Programu ya uhasibu ikishaanza kutia saini kwa kikoa chetu, na ripoti zikanyooka, nitaipandisha iwe quarantine, yaani barua zisizothibitika zichukuliwe kuwa za kutiliwa shaka.