Nimenunua stempu za kwanza za Vatican, zile za mapatano ya 1929

Zimefika juzi hapa Jinja, bahasha ya kaki ndani ya bahasha nyingine, na mi nimekaa nazo mezani siku mbili nzima kabla ya kuziingiza kwenye albamu, kwa hiyo wacha niseme nimezionaje.

Seti yenyewe inaitwa Conciliazione, yani upatanisho, wa Papa na serikali ya Italia. Nzima ina stempu 15, za kawaida 13 na mbili za barua za haraka, zilitoka 1 Agosti 1929. Mimi nimechukua zile 7 za bei ya chini tu, senti 5 mpaka senti 75, zimeshapigwa muhuri, kwa muuzaji mmoja wa Italia, na pamoja na pesa ya kutuma zimenitoa kama shilingi elfu 60. Zile zenye sura ya Papa Pius XI, za kutoka senti 80 mpaka lira 10, bado najipanga.

Kwa nini nimezitafuta muda wote huu? Mwaka 1870 jeshi la Italia lilichukua Roma, Papa akabaki ndani ya Vatican hatoki, ikaenda hivyo miaka 59 na Mapapa wakapokezana hapo katikati. Ndio 11 Februari 1929 Kardinali Pietro Gasparri kwa niaba ya Papa na Mussolini, waziri mkuu wa Italia, wakatia saini kwenye jumba la Laterano: Italia ikakubali Vatican ni nchi, hekta 44 tu jamani, na Papa naye akakubali Italia na mji mkuu wake Roma. Na mkataba huo huo ukasema Italia iwaunganishie simu, telegrafu na posta. Haikufika hata miezi sita stempu zikawa zimetoka!

Sasa mi nilipoanza kusoma habari zake nilitegemea kuona mchoro wa watu wawili wanatia saini ama wanapeana mikono. Hamna. Kwenye hizi zangu kuna taji la Papa na funguo mbili zimepishana na maneno Poste Vaticane, basi, Mussolini hayumo. Na nikaona ni sawa kabisa, kwa sababu bila yale mapatano hakuna nchi ya kuichapa hiyo stempu, ukiishika umeshika mapatano yenyewe.

Rangi bado zina nguvu. Ya senti 5 ni kahawia kwenye karatasi ya waridi, ya senti 25 ni buluu iliyokolea juu ya buluu nyepesi, hiyo ndio nzuri kuliko zote, nimeiangalia na lensi mpaka macho yakauma. Ila ya senti 50 imekatika jino moja, yale meno ya ukingoni, kwenye kona na kwenye picha aliyonitumia muuzaji halikuonekana kabisa, hapo nimeumia kwakweli, nimemwandikia amesema atatuma nyingine nangoja. Mkinunua ombeni picha ya mbele na ya nyuma, tena iwe juu ya kitu cheusi ndio meno yaonekane.

Sisi Uganda hii habari ya kanisa na serikali kukutana kwenye stempu tunayo toka zamani. Zile za kwanza kabisa za 1895, zenye bei ya kauri, yani yale makombe ya baharini yaliyotumika kama pesa, alizipiga kwa taipureta mmisionari Ernest Millar wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kule Mengo, serikali ndio ilimuomba. Hizo siwezi kuzinunua hata nikiuza shamba. Lakini marehemu mzee aliniachia zile za 1969 Papa Paulo VI alipokuja, zimeandikwa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, alizitoa kwenye barua za ndugu zetu akaziloweka kwenye sahani moja moja.

Ya senti 30, buluu kwenye karatasi ya njano, nimeiweka ukurasa mmoja na hizo za mzee.