Mwezi wa kubandika, saa nne za uongo

Nianze na haki yake muuzaji wa picha hii: karatasi nzuri, rangi zimekolea, fremu imenyooka, na mzigo ulifika bila mkwaruzo. Ningeandika wiki ile niliyoupokea, ningempa nyota tano na dua juu.

Picha ni machweo ziwani. Anga jekundu, jua ndiyo kwanza limezama nyuma ya mti mkavu, na juu ya mti huohuo mwezi mpevu, mkubwa kama sinia. Maelezo yake yalisema: "Picha halisi, haijaguswa. Nilisubiri kwa saa nne nzima." Hayo maneno ndiyo niliyoyanunua. Picha nzuri zimejaa tele. Nilitaka ya mtu aliyesubiri.

Imekaa sebuleni miezi kadhaa, wageni wanasifu, nami navimba kichwa kana kwamba niliipiga mimi. Hadi mpwa wangu, bado yuko shule ya msingi, aliposimama mbele yake: "Mjomba, si mwalimu alisema mwezi mpevu unachomoza upande wa pili jua linapozama?"

Nikamwambia akacheze nje. Usiku nikarudi na tochi ya simu. Mtoto yuko sahihi. Mwezi ukiwa mpevu, wenyewe na jua vinatazamana, sisi tuko katikati. Haviwezi kukaa upande mmoja wa anga. Nilipoanza kuchungulia sikuacha. Maji yametulia kama kioo, yanaakisi mti, yanaakisi wekundu, ila mwezi haumo. Na wale korongo wawili wa kushoto ni korongo mmoja! Bawa limepungua unyoya, pengo lilelile, mahali palepale.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu: "Ndugu mteja, hiyo ni sanaa. Kila mtu anahariri. Mbona wengine hawalalamiki?"

Damu ikanichemka. Mimi sikatai kuhariri. Ng'arisha kivuli, punguza pembeni, futa doa la vumbi, nani atakushitaki? Hata mwezi bandika, mradi useme umebandika. Jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, na mpaka leo watu wanalikumbusha. Nao walisogeza tu piramidi zilizokuwepo. Nikamwomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, kama waandaaji wa World Press Photo, shindano la picha za habari, wanavyowadai wapiga picha wanaoingia hatua za mwisho. Akasema diski iliharibika. Bila shaka.

Kinachoniuma si mwezi, ni zile saa nne. Alikuwa anasubiri nini? Programu ya kuhariri picha ifunguke?

Wiki iliyopita niliigeuza itazame ukuta. Jana narudi, mke wangu ameigeuza tena. Anasema mwezi haujamkosea yeye kitu. Na kusema kweli, jioni taa ikiwa hafifu, picha inapendeza, wallahi. Labda nimekuwa mkali mno. Basi, nyota tatu, kwa ajili ya fremu.

Ngoja. Nimepitia ukurasa wake sasa hivi nikanakili jina la picha, nikakuta ameipandisha upya. Bado "haijaguswa", ila safari hii korongo ni watatu. Nyota moja.