Kubadili injini: regulata ipi ya presha ya mafuta ununue

Regulata ndiyo inayoshikilia presha ya petroli inayofika kwenye nozeli za injini. Muuzaji wa spea akikuuliza "regulata ya gari gani?", usimtajie gari. Mtajie injini. Bodi inaweza kuwa ya Corolla ya kabureta iliyozoea psi 3 au 4 tu, lakini ukishaipandikizia injini ya Toyota ya 1ZZ-FE, reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia nozeli petroli, inadai psi 44 hadi 50.

Jambo la pili la kujua kabla ya kutoa hela ni mahali regulata ilipokaa kwenye gari ilikotoka injini. Kwenye Toyota za miaka ya tisini kama 4A-FE, 3S-FE na 1JZ, ipo juu ya reli, na kuna paipu ya kurudisha mafuta tangini. Kwenye 1ZZ na 1NZ hakuna paipu ya kurudi: regulata imo ndani ya tangi, pamoja na pampu. Ndiyo maana mtu ananunua injini ya 1NZ safi kabisa, kisha anazunguka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, akitafuta regulata ambayo imebaki kwenye tangi la gari lililokatwa Japani.

Nikizipanga regulata, ya kwanza kwangu ni ile ya kiwandani iliyokuja na injini. Umeshailipia, na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imepangwa kwa presha yake. Ipime hivi: injini ikinguruma, chomoa mpira mwembamba wa vakyumu unaoingia kwenye regulata. Ukiona unyevu wa petroli ndani yake, kiwambo, ule utando wa ndani ya regulata, kimepasuka. Nunua nyingine orijino ya injini hiyohiyo. Kwa injini isiyoongezwa kitu, sioni sababu ya kuvua regulata nzima ili uweke ya kung'aa.

Ya pili, kwa 1ZZ, 1NZ na ndugu zake, ni seti nzima ya pampu ya ndani ya tangi kutoka gari lenye injini hiyo. Pima kina cha tangi lako kwanza. Kama itabidi tangi likatwe, mchomeleaji asiliguse kabla halijaoshwa mvuke wote ukaisha, maana tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Ya tatu ni ya kurekebisha kwa skrubu, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana kama Aeromotive au Turbosmart. Inunue ukiwa unaongeza turbo au nozeli kubwa, au seti ya tangi imegoma kuingia. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende taratibu. Mafuta yatoke kwenye pampu, yapite filta, yaingie kwenye reli, na regulata ikae baada ya reli ikirudisha ziada tangini. Mpira wa vakyumu uchukue kutoka kwenye manifodi ya kuingiza hewa, baada ya kipepeo cha hewa, usigawane na kitu kingine. Kwa 1ZZ na 1NZ zisizo na turbo, tundu la vakyumu la regulata liache wazi bila mpira, kwa sababu kontrol boksi yake inategemea presha isiyopanda wala kushuka.

Kuseti: washa injini, chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, zungusha skrubu hadi geji isome presha ya injini yako, kaza nati, rudisha mpira. Presha itashuka takriban psi 9 au 10 injini isipokanyagwa. Hiyo ni sawa. Ukilegeza skrubu yote na geji bado iko juu, usimlaumu muuzaji. Pampu ni kubwa kuliko paipu ya kurudi. Pampu ya lita 255 kwa saa haiwezi kurudisha mafuta kupitia kipaipu cha milimita 6 kilichoachwa na kabureta. Weka cha 8 au zaidi. Na usipandishe presha eti gari lipate nguvu: kutoka bar 3 hadi 4 unaongeza mafuta kwa asilimia 15, na plagi zinaanza kuwa nyeusi.

Ya nne ni filta yenye regulata ndani yake, ile ya Corvette za 1999 hadi 2003. Imefungwa kwa psi 58, inawafaa wanaoweka injini za V8 za LS za General Motors, basi. Ifunge karibu na tangi.

Mkiani kabisa naweka zisizo na jina zenye geji ndogo juu. Geji za mafuta ya gliserini hudanganya zikipata joto la injini, kwa hiyo ukiinunua, pima kwa geji nyingine. Za kabureta hata usiziulize bei.

Chochote utakachochagua, soma maandishi kwenye mpira wa mafuta. R7 ni wa kabureta. Kwenye injini ya nozeli dai R9, pamoja na klipu zake zisizokata mpira, kisha pampu ikishajaza, pitisha kidole kwenye kila kiungo kutafuta petroli inayovuja.