TAHADHARI: Anayeuza raba za "lami na vumbi" mtandaoni, soli zake ni za kubandika

Ndugu wakimbiaji wa Moshi, Arusha na kwingineko mnakoagiza raba kwa simu: kuna muuzaji anazunguka Instagram na WhatsApp na raba anazodai zinafaa lami na njia za vumbi kwa pamoja. Msimtumie hela. Wenzetu kadhaa wa klabu ya jogging wameshalizwa, na dada mmoja ameumia.

Jina la ukurasa wake siliandiki kwa kuwa ameshalibadilisha tangu tuanze kumfuatilia. Ukilikariri jina la leo, kesho atakupata kwa jingine. Mtambueni kwa anavyofanya kazi.

Video anazoweka ni nzuri sana, watu wanakimbia milimani na raba safi, lakini si zake. Amezichukua kwenye kurasa za watu wa nje. Sehemu ya maoni ameifunga, hivyo aliyeibiwa hana pa kuwaonya wengine. Bei yake ni shilingi 120,000, wakati raba mpya za aina hiyo huko Marekani kwenyewe huuzwa dola 140 au zaidi. Ukimwomba akupigie picha ya soli ikiwa na kikaratasi chenye tarehe ya leo pembeni, utaambiwa mzigo uko stoo Dar na mwenye ufunguo katoka. Muda huohuo anakuhimiza: "Dada yangu, saizi yako imebaki moja, tuma nusu nikushikilie." Namba anayotaka utume pesa ni ya mtu binafsi, na kila mteja hupewa namba tofauti yenye jina tofauti.

Ukishatuma nusu, mambo huenda kwa njia mbili. Baadhi ya wenzetu waliambiwa mzigo umekwama bandarini, waongeze hela ya ushuru. Walipoongeza, wakablokiwa. Wengine walipelekewa mzigo kweli, kwa basi, ukiwa ndani ya boksi linalovutia. Kwangu mimi hao wa pili ndio walioko hatarini zaidi, kwa sababu wanaivaa ile raba na kwenda nayo mlimani wakiiamini.

Dada niliyemtaja alikimbia nayo mjini siku za mwanzo bila shida. Kwenye lami iliyonyooka huwezi kugundua kitu. Siku aliyoshuka kutoka upande wa Mweka, kwenye kinjia cha kati ya migomba na kahawa, udongo ukiwa na unyevu, soli ya mbele ilibanduka kama ganda la ndizi, akaangukia mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa. Ana plasta, na mazoezi yake ya Kilimanjaro Marathon yameishia hapo.

Tuliichana ile raba mbele ya fundi viatu. Yale meno ya chini ni karatasi nyembamba ya plastiki ngumu iliyogundishwa juu ya soli tambarare ya sifongo, yaani kiatu cha kawaida kabisa cha kutembelea. Gundi yenyewe imepakwa pembeni tu, katikati pakavu. Lebo ya ndani ya ulimi wa kiatu ina namba ya modeli moja na boksi lina nyingine.

Sasa raba ya kweli ya kundi hili ikoje? Yeye hupenda kuandika majina ya Hoka Challenger na Nike Pegasus Trail, na hizo ni raba halisi zenye sifa nzuri, ndiyo maana jina linawavuta watu. Meno ya raba hizo ni mafupi, mara nyingi milimita 2 hadi 4, na hayaachani sana, ili ukiwa kwenye lami mguu uviringike bila kugonga. Za milimani hasa huwa na meno ya milimita 5 au zaidi. Zinashika tope vizuri, ila ukizikimbilia lami kila siku meno yanalika haraka. Sisi tunaotoka mjini kwa lami, tukaingia Msitu wa Rau, kisha tukarudi kwa lami, tunahitaji hiyo ya katikati, na muuzaji huyu anajua kwamba madukani kwetu ni adimu.

Jambo la kushika ni hili: kwenye raba halisi, jino na ule mpira unaolibeba vimetoka pamoja kwenye kalibu moja. Ingiza ukucha kwenye shina la jino. Ukiona mstari wa gundi, au jino linacheza, achana nayo. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjika, kwa nguvu, utazame kama pembeni panafunguka. Kisha linganisha namba ya modeli kwenye lebo ya ndani na ya boksi, halafu itafute hiyo namba mtandaoni. Inapaswa kukuletea raba hiyohiyo na rangi hiyohiyo. Fanya yote haya ofisi ya basi, kabla hela ya mwisho haijatoka. Muuzaji asiyekubali mzigo ufunguliwe kabla ya malipo, mwachie mzigo wake.

Kwa maoni yangu, kama bajeti ni hiyo 120,000, ni bora mtumba wa soko la Memorial hapa Moshi kuliko "mpya" ya mtu usiyemwona. Sifongo ya mtumba inaweza kuwa imeshalala, hilo ni kweli, lakini unaishika, unaikunja na unaona meno yaliyobaki.

Na ukilazimika kulipa kwa simu, lipa kwa Lipa Namba ya duka, usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa halifanani na jina la duka, ghairi hapohapo.

Kwa mliokwisha kutuma hela: pigieni huduma kwa wateja ya mtandao wenu sasa hivi, kwa kuwa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kurudi. Msifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, hata kama mmeshablokiwa. Nendeni polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Namba aliyoitumia iripotini TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa hiyo boksi, lebo na raba yenyewe ni ushahidi, msivitupe. Sisi tunakusanya malalamiko ya wana klabu tuyapeleke kwa pamoja. Kama nawe umelizwa na mtu wa namna hii, leta nakala ya muamala wako tuunganishe.

Kama raba zake unazo ndani, tafadhali usikimbie nazo tena, hata kwenye lami. Usimpe mdogo wako akachezee, na usimuuzie mtu mwingine ili urudishe hela yako.