Saiba ya Kibuye: nilivyohudumiwa nikiomba kibali cha kazi cha Kanada kama mume wa mwanafunzi

Nampa nyota nne kati ya tano. Ni saiba ndogo ghorofa ya kwanza, karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Bango lake linataja KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), kuchapa, kuskani na kutoa kopi. Kuhusu Kanada halisemi lolote. Mwenye saiba ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu, kwa sababu yuko peke yake na kompyuta mbili, na tayari watu wanampigia kutoka Busia na Kakamega usiku wa manane. Ukifika Kibuye ulizia saiba ya yule dada Msabato, utaelekezwa.

Mimi ni fundi wa majokofu. Kazi yangu kubwa ni friza za wauza samaki, kuanzia ufuo wa Dunga hadi mjini. Mke wangu yuko Saskatoon, Kanada, anasomea shahada ya uzamili ya miaka miwili. Tulikubaliana atangulie, mimi nifuate nikiwa na ruhusa ya kufanya kazi, maana karo na kodi ya nyumba kule haziwezi kubebwa na mtu mmoja anayeshinda darasani.

Kanada humpa mume au mke wa mwanafunzi kibali cha wazi. Maana yake ni kwamba hakikufungi kwa mwajiri mmoja, wala huhitaji kuwa umepata kazi ndipo uombe. Lakini mlango huo umebanwa. Tangu tarehe 21 Januari 2025, mwanafunzi lazima awe anasomea uzamivu, au uzamili wa miezi 16 au zaidi, au mojawapo ya kozi chache za kitaaluma walizoziorodhesha, kama vile digrii za uuguzi, udaktari, uhandisi, sheria na ualimu. Haya niliyasoma mwenyewe kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, IRCC, nikiwa kwenye kiti cha plastiki cha saiba hiyo. Mwenye saiba ndiye aliyenifungulia ukurasa, akasema, "Soma polepole, ndugu. Mimi nauza kuskani, siuzi ushauri."

Shemeji yangu alikuwa amenipeleka kwa ajenti mmoja mwenye ofisi ya vioo katikati ya mji. Yule alitaka shilingi 180,000, nusu yake kabla hajagusa karatasi. Nikamwuliza pesa hiyo inalipia nini. Akasema ana mtu ndani. Akataka pia kufungua akaunti yangu ya maombi kwa barua pepe yake, nenosiri abaki nalo yeye, na akadokeza kwamba taarifa ya benki "inaweza kupambwa". Nilimuaga nikaondoka. Kwa sheria ya Kanada, ukipatikana umedanganya kwenye maombi unaweza kufungiwa miaka 5, na anayeruhusiwa kulipwa ili akuwakilishe ni mwanachama wa chama cha mawakili cha huko, mthibitishaji hati (notary) wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na bodi yao ya washauri wa uhamiaji. Majina yao yamewekwa mtandaoni na kila mtu anaweza kuyatafuta. Huku kwetu magharibi hatuna sababu ya kuchukulia mambo haya kwa wepesi. Mwaka 2023 tuliona wazazi wakiandamana Eldoret kwa sababu ya pesa walizotoa kwenye mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka watoto Ufini na Kanada. Kuna familia zilizouza mashamba.

Linganisha hizo 180,000 na ada zenyewe. Kibali cha kazi ni dola 155 za Kanada, ada ya kibali cha wazi dola 100, alama za vidole na picha dola 85. Jumla dola 340, ambazo siku niliyolipa zilikuwa kama shilingi 32,000. Fomu ni za bure. Kuna pia gharama ya uchunguzi wa afya, ambayo unamlipa daktari moja kwa moja. Malipo ya IRCC yanakwenda kwa kadi ya benki, na dada alisisitiza iwe kadi yangu mwenyewe, risiti iingie kwenye barua pepe yangu mwenyewe.

Sasa nieleze kazi yake, maana hapo ndipo anapostahili sifa.

Tulipofika mahali pa kufungua akaunti, alisukuma kibodi kwangu na kugeuza kiti chake akatazama dirishani. Hakutaka kuona nenosiri langu wala majibu ya maswali ya siri. Aliniambia niyaandike kwenye daftari nikayaweke nyumbani. Baada ya ule mkutano na ajenti, nilihisi kama nimevuliwa mzigo.

Fomu kuu ya anayeomba akiwa nje ya Kanada inaitwa IMM 1295. Ukijaribu kuifungua kwenye simu utaambiwa usubiri, na utasubiri hadi kesho. Inataka kompyuta yenye Adobe Reader. Ukimaliza kuijaza unabofya kitufe cha kuihakiki, na mistari ya msimbo (barcode) inatokea ukurasa wa mwisho. Isipotokea, fomu haijakamilika. Yeye anayajua hayo yote kwa vidole. Fomu inauliza kazi zako za miaka 10 iliyopita, na kwa fundi wa jua kali hilo ni swali zito: hakuna barua ya ajira wala hati ya mshahara. Nilitaka kujua niandike nini. Akasema, "Andika ulichofanya." Basi nikaandika kujiajiri, miezi na miaka, na ile miezi niliyokaa bila kazi nikaiandika hivyo hivyo, bila kazi. Akapitia tarehe tu kuona kama kuna mwezi ulioruka. Kuthibitisha, nilileta barua kutoka kwa wateja wawili wa samaki ninaowahudumia tangu zamani, leseni yangu ya biashara ya kaunti, na taarifa ya M-Pesa.

Hiyo taarifa ya M-Pesa ina shida ambayo watu wengi hawaigundui. Ukiiomba, inakuja kama PDF iliyofungwa kwa msimbo. Kwako inafunguka kwa sababu msimbo umetumiwa wewe. Ofisa aliye Kanada hana msimbo huo, kwa hiyo ushahidi wako wote umefungiwa kabatini na ufunguo uko Kisumu. Dada aliifungua, akaichapa, akaiskani upya, na kwa kalamu nikawekea alama malipo ya kodi ya nyumba na pesa tulizotumiana mimi na mke wangu.

Kisha kuna suala la ukubwa. Kila faili lisizidi MB 4, na kila aina ya hati ina nafasi moja tu ya kupakia. Kwa hiyo picha za harusi, picha za nyumbani, tiketi na jumbe tulizoandikiana zote zinatakiwa kuwa faili moja lenye mpangilio, na bado zisomeke. Hapa nilimwona fundi akifanya kazi yake. Alipunguza uzito wa picha moja moja, akafungua kila ukurasa na kuukuza kuangalia kama herufi zinasomeka, na cheti chetu cha ndoa alikiskani upya kwa sababu muhuri ulitoka hafifu. Hakunitoza mara ya pili.

Cheti cha ndoa chenyewe ndicho sababu hasa ya mimi kuandika haya. Tulioana kimila. Ayie, malipo ya mahari ya Kijaluo, ilitolewa, ng'ombe wakaenda Siaya, wazee wa pande zote mbili wakakaa na kukubaliana. Tulikuwa pia na kiapo cha maandishi cha mbele ya wakili kwamba tumeoana, kama wengi. Mke wangu alipokwenda pale saiba mara ya kwanza kuskani hati zake za chuo, dada alimwuliza swali moja: mume atafuata? Aliposikia ndiyo, akamwambia waende kwa msajili wa ndoa wote wawili kabla mmoja hajapanda ndege. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani au ya msikitini, lakini inataka waliooana waombe cheti kwa msajili, na wote wawili wafike mbele yake ana kwa ana. Mmoja akiwa Saskatoon, hilo ni tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Tulitafuta barua ya chifu, tukaenda na wazee, tukapata cheti wiki chache kabla mke wangu hajasafiri. Yule ajenti wa vioo alikuwa ameniambia kiapo kinatosha, hata cheti nilichomwonyesha hakukifungua.

(Wasio na cheti lakini wameishi pamoja mwaka mzima mfululizo wana njia yao Kanada: fomu ya kiapo IMM 5409 pamoja na ushahidi wa kuishi nyumba moja. Ushahidi huo uwe mwingi.)

Siku nyingine nikisubiri zamu, aliingia msichana kutoka upande wa Vihiga. Mumewe anasoma diploma katika chuo kimoja cha Ontario, na alikuja na pesa mkononi, tayari kulipia kila kitu. Dada hakuzipokea. Alimfungulia ule ukurasa wa masharti, akamvutia kiti, akamwacha asome. Msichana alisoma mara mbili, akauliza kama diploma ni sawa na uzamili. Dada akamwambia, "Mdogo wangu, hapa panasema uzamili. Ada yao hairudi kwa sababu ulikuwa na matumaini." Alilia kidogo, akaondoka na pesa zake. Nimeona ofisi nyingi hapa mjini ambazo zisingemwacha atoke nazo.

Wanaoulizia nchi nyingine nao huonyeshwa ukurasa wa nchi husika, na wengi huondoka na majibu ambayo hawakuyataka. Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 2024, imewazuia wanafunzi wengi wapya kuja na familia, isipokuwa wanaosoma uzamivu au kozi za utafiti na wanaofadhiliwa na serikali. Marekani, mke au mume wa mwanafunzi wa viza ya F-1 hupewa F-2, na F-2 hairuhusu kufanya kazi.

Mambo ya Nairobi nitayapita haraka. Alama za vidole zilichukuliwa kwenye kituo cha VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza kwa niaba ya Kanada, baada ya barua ya maelekezo kuja kwenye akaunti. Barua hiyo inakupa siku 30, kwa hiyo usiombe ukiwa huna nauli. Uchunguzi wa afya nilifanyiwa na daktari aliye kwenye orodha yao, naye anatuma matokeo moja kwa moja. Niliufanya kabla ya kuomba na kupakia karatasi aliyonipa. Usiuone kuwa wa hiari: anayetoka Kenya kwenda kukaa zaidi ya miezi sita anatakiwa kuufanya. Basi la usiku, chai ya Nakuru, basi la kurudi.

Kuhusu pasipoti, ni mke wangu aliyenikumbusha. Kibali hakiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti, wala kwa kawaida hakipiti kibali cha kusoma cha mwenzako. Yangu ilibakisha muda mfupi, nikaibadilisha kwanza hapa hapa Kisumu kwenye ofisi ya uhamiaji. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 siku hizi.

Barua ya kukubaliwa imekuja. Hiyo si kibali; ni barua ya kumwonyesha ofisa wa mpakani, ambaye ndiye atakayechapa kibali nikitua. Dada aliponichapia alinisomesha sentensi hiyo kwa sauti mbele yake, na pale tu ndipo akanipa mkono wa pongezi.

Nyota niliyoizuia ni ya skana. Ni moja, nzee, na stima ikipotea kila mtu anarudi nyumbani, kwa sababu hana betri ya akiba. Kazi ya asubuhi moja inaweza kwenda hadi jioni. Pia ni mkali. Ukimjia na picha za karatasi zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda, atakurudisha, na hatakubembeleza. Mtu mzima mwenye haraka anaweza kuudhika. Mimi naona ukali huo ni sehemu ya kazi nzuri, lakini betri anunue, tafadhali. Nimeshamwambia na nitamsaidia kuifunga kabla sijaondoka.

Bei: kuskani shilingi 20 kwa ukurasa, kuchapa 10, na kukaa kwenye kompyuta akiwa kando yako 100 kwa saa. Kwa kupanga na kuunganisha mafaili yote alinitoza 2,500. Lipa kwa M-Pesa, risiti utapewa bila kuomba.

Jumamosi hafungui. Jumapili yuko, lakini ni siku kubwa ya soko la Kibuye na ngazi zinajaa watu wenye mizigo ya mitumba. Nenda Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne asubuhi, ukiwa na hati zako halisi, flashi tupu, na daftari la kuandikia nenosiri.