Nimelipia kiyoyozi, nikapewa joto

Mliopo Tucson mtanielewa. Hapa Arizona mwezi wa saba joto linapita nyuzi 40 bila aibu, na mtu haendi sinema kwa ajili ya picha peke yake. Anakwenda kupoa. Tiketi unalipia kiyoyozi, filamu ni nyongeza.

Basi nikampeleka shangazi yangu, aliyetoka Kigoma majuzi, kwenye jumba moja lenye kumbi kibao upande wa mashariki wa mji. Jina silitaji. Taa zimezimwa, picha haijachanganya hata kidogo, hewa ya baridi ikakata. Sauti inaendelea, mapigano yanaendelea, ukumbi unachemka. Shangazi akashusha mtandio, akachukua boksi la bisi, akaanza kujipepea.

Akaja kijana na tochi. Nikajua anakuja kuomba radhi. Wapi! Akamwinamia shangazi na kumwambia, neno moja moja na kwa sauti ya juu kama anaongea na kiziwi, kwamba anawasumbua wenzake. Mama wa watu amefundisha Kiingereza sekondari mpaka kastaafu! Akamjibu kwa Kiingereza chake cha darasani: “Mwanangu, nitamsumbua nani, na wote tunaiva?” Kijana akacheka, akaondoka. Kile kicheko kiliniuma kuliko joto lenyewe.

Nikamfuata msimamizi. Akasema mafundi wameitwa, na kwa kuwa filamu inaonekana, hela hairudi. Inaonekana! Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Jenereta likizima, mwenye kibanda anakurudishia hela yako au anakwambia njoo kesho bure, na akileta ubishi, kesho yake anaangalia picha peke yake. Joto lilikuwepo kule pia, sikatai, lakini hakuna aliyeniuzia baridi.

Na msiniambie eti ni jangwa, mashine zinachoka. Pale Congress Street kuna Fox, jumba la mwaka 1930. Lilifungwa 1974, likakaa gofu miaka 30 hivi, likafunguliwa tena mwishoni mwa 2005. Nimekaa mle kusikiliza muziki wakati wa kiangazi nikatamani sweta. Rialto, lenye umri mkubwa zaidi, la 1920, liko mtaa huo huo, unatembea tu kwa miguu. Hata Loft, jumba la sinema kule barabara ya Speedway, ambalo ni shirika lisilo la faida, wanakupokea kama mgeni wao. Hawa wenye faida ndio wanaotuchemsha.

Haya, haki yao niwape: skrini ni safi, viti vinalala kabisa, bisi ni tamu. Hewa nayo ilirudi kabla picha haijaisha. Tukiwa tunatoka, msimamizi akampa shangazi mkono, akatupa vocha mbili, shangazi akamwombea na baraka juu. Nikalainika. Njiani nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu.

Nyumbani nikageuza ile vocha. Haitumiki Ijumaa jioni, Jumamosi wala Jumapili! Sisi tunaopiga zamu za ghala tuna siku gani nyingine? Nyota moja, na hiyo ni ya bisi. Shangazi anasema naongeza chumvi, yeye anataka kurudi Jumanne. Atafute wa kumpeleka.