Seti ya habu ya tela: kagua sili kabla ya beringi

Malalamiko yanayonifikia siku hizi yanafanana. Beringi za tela zimebadilishwa Dar, gari limekwenda Tunduma, na kabla halijarudi habu, yaani kitovu cha gurudumu, imeshika moto na grisi imetapakaa kwenye lainingi za breki. Kila anayeniandikia anataka nimtajie beringi nzuri. Nitazitaja. Ila kwenye picha nyingi ninazotumiwa, beringi ilikufa baada ya sili, ile pete ya raba inayozuia grisi isitoke kwenye habu. Sili ndiyo imekuwa ngumu, mdomo wake umepasuka, na hakuna aliyeiuliza bei wala asili yake dukani.

Gari likishuka mteremko mrefu kama Kitonga, lainingi zinasugua dramu hadi joto linafika nyuzi mia kadhaa, na sehemu ya joto hilo inasafiri kwenye chuma cha habu mpaka kwenye sili. Raba ya kawaida, naitrili, inafanya kazi vizuri mpaka kama nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaa muda mrefu juu ya 120 inakauka. Raba ya Viton inahimili karibu 200. Mdomo ukishakauka hauikumbati tena ekseli, na grisi iliyoyeyuka inapita nyuma yake kwenda kwenye breki. Hapo umepata hasara mbili kwa mpigo: beringi inazunguka kavu, na gurudumu lile halishiki breki. Magurudumu mengine yanabeba kazi yake, yanachemka kupita kiasi, na sili zake zinafuata. Dereva na utingo wanateremka mlima na mzigo kamili huku breki zikipungua, na wao hawakushirikishwa dukani sili ilipochaguliwa kwa bei.

Muuzaji atakuambia sili ya kahawia ndiyo Viton. Usikubali kwa rangi tu, raba inatiwa rangi yoyote. Soma namba iliyochapwa kwenye sili yenyewe, uilinganishe na katalogi ya mtengenezaji. Pia pitisha ukucha pale sili inapokaa kwenye ekseli. Ukikwama kwenye mfereji, hata sili bora duniani itavuja, kwa hiyo badilisha na ringi ambayo sili inaikalia.

Kuhusu tani za ekseli sina mengi. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 24 kwa ekseli tatu zenye tairi pacha, na tani 56 kwa gari zima. Anayepita mizani kihalali akiwa na ekseli zilizoundwa kubeba tani 13 kila moja ana akiba ya kutosha. Muuzaji anayekushawishi uchukue ya tani 16, muulize habari za sili yake.

Sasa majina, nikianza na watengenezaji wa ekseli. Namba moja kwangu ni BPW ya Ujerumani, na sifichi mapenzi yangu. Sababu kubwa ni kwamba seti yao ya kukarabati habu inakuja na vitu vinavyotakiwa kubadilishwa pamoja, sili ikiwemo, kwa hiyo hakuna anayepata nafasi ya kukuchomekea raba ya mtaani. Tela nyingi zilizotumika zinazotoka Ulaya zina ekseli zao za ECO zenye beringi namba 33118 ndani na 33213 nje. Hivyo ni vipimo vya kimataifa: ya kwanza ni milimita 90 kwa 150 kwa 45, ya pili 65 kwa 120 kwa 41. Usipopata boksi la BPW, SKF, FAG au Timken wanatengeneza namba hizohizo, na sili ya BPW unainunua peke yake. Bei inauma, sikatai. Lakini pigia hesabu lainingi zilizolowa grisi, fundi wa njiani, na siku mzigo unazolala barabarani.

Namba mbili ni SAF, nayo ya Ujerumani. Katika ekseli zake nyingi beringi, sili na grisi zimefungwa kiwandani kama kitu kimoja. Sili inadumu, ila ikichoka unanunua vyote, na kifaa hicho hukipati kila duka la spea.

Namba tatu ni Fuwa ya China, ambayo ipo chini ya tela nyingi barabarani kwetu. Chuma chake sina ugomvi nacho. Funga beringi za Timken, badilisha na kikombe chake, ile ringi ya nje ya beringi inayokaa ndani ya habu, maana beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni pesa ya kutupa, na tafuta sili ya joto kali. Ukifanya hivyo itakufaa.

Beringi za boksi jeupe lisilo na jina nafuu yake ni ya siku ya kununua tu. Nimemaliza.

Kinachonikera ni maduka. Unaambiwa "orijino kabisa, dada", boksi limefanana, lakini ndani sili haina namba hata moja. Bei zinakuwa mbili, ya risiti na isiyo na risiti, na ukutani kuna tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la bidhaa na namba yake, siyo "spea" tu, kwa sababu bila hiyo hata ukipeleka malalamiko ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani huna cha kuonyesha. SKF wana programu ya simu ya kutuma picha ya boksi na beringi wakakagua, na FAG wana yao ya kusoma alama ya boksi. Zitumie ukiwa bado kaunta. Nenda na sili ya zamani mkononi, na muuzaji akikukataza kufungua boksi kabla ya kulipa, ingia duka la jirani.